Dawa ya mbwa kwa paka, dawa ya ng'ombe kwa mbwa: kupunguza kipimo hakusaidii

SWALI: Habari daktari. Nina mbwa wa kilo 12 na paka jike wa kilo 3, wote wanalala ndani. Jana jioni nilinunua dawa ya matone ya viroboto ya mbwa, nikampaka mbwa sehemu kubwa shingoni, na iliyobaki, kama nusu mililita, nikampaka paka. Asubuhi hii paka anatikisatikisa masikio, ngozi ya mgongo inachezacheza na mate yanamdondoka. Aliyeniuzia anasema ni ukali wa dawa tu, utapita, nimpe maziwa. Halafu mbwa bado ana kupe. Nina dawa ya kuogeshea ng'ombe. Nikiitumia nusu ya kipimo kuna ubaya? Na ile sindano ya ivermektini, ya minyoo na wadudu wa ngozi, inayosifiwa sana?

JIBU: Paka kwanza, na kabla hujamaliza kusoma. Mpigie daktari wa mifugo aliye karibu nawe umwambie maneno haya: paka wa kilo 3, dawa ya matone ya mbwa, nusu mililita, jana jioni, anatetemeka. Chukua pakiti ya dawa au ipige picha upande wenye maandishi madogo. Ukiona jina linaloishia na herufi "thrin", basi hiyo ndiyo sumu iliyomwingia. Iliyo ya kawaida kwenye matone ya mbwa ni permetrini.

Kama bado anasimama na anameza vizuri, vaa glavu umwoshe sasa hivi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Dawa hizi zimo kwenye mafuta, maji matupu hayaziondoi. Sugua hasa pale ulipoipaka, suuza, rudia mara ya pili, mkaushe kwa taulo na umzuie asijilambe. Maji yasiwe ya moto, kwa sababu joto hufungua mishipa ya damu ya ngozi na dawa iliyobaki huingia haraka zaidi. Yasiwe ya baridi pia, maana paka mdogo aliyelowa hupoa upesi. Lakini kama ameanza degedege au analegea, usimwoshe. Mfunge kwenye taulo, mweke kwenye boksi lenye giza, kimya, mpeleke. Kelele na mwanga huchochea mitetemo.

Maziwa usimpe. Wala mafuta ya kupikia, yai bichi, mkaa wala maji ya chumvi. Paka anayetetemeka hamezi sawasawa. Kinachomiminwa mdomoni huishia mapafuni, kisha daktari anakuwa na wagonjwa wawili ndani ya paka mmoja: wa sumu na wa nimonia. Maji ya chumvi yenyewe ni sumu. Na dawa hii iliingia kwa ngozi, kwa hiyo hata kumtapisha hakuna maana.

Kliniki watamdhibiti mitetemo kwa dawa ya kulegeza misuli, watamwekea dripu na kufuatilia joto lake. Joto la kawaida la paka ni kati ya nyuzi 38 na 39 na ushei. Misuli ikitetemeka kwa saa nyingi joto hupita 40, na likizidi kupanda ubongo na figo huanza kuumia. Paka wengi wanaofikishwa mapema hupona ndani ya siku mbili au tatu. Wanaopotea mara nyingi ni wale waliosubiri "ukali upite". Dalili zinaweza kuanza baada ya saa chache au kuchelewa hadi siku ya tatu, kwa hiyo hata akionekana nafuu mchana huu, asibaki nyumbani bila kuonwa. Mtenganishe pia na mbwa kwa saa 72. Paka anayemlamba mbwa aliyepakwa dawa hii, au kulala naye dawa ikiwa bado mbichi, huipata vilevile.

Sasa nije kwenye lile linaloumiza wanyama kila siku, na limo katika maswali yako yote matatu: imani kwamba dawa yoyote inafaa mnyama yeyote, mradi upunguze kipimo kulingana na uzito. Ng'ombe mkubwa anapewa nyingi, mbwa kidogo, paka tone. Hesabu hiyo inaonekana ya busara, na ndiyo maana inaua. Uzito ni jambo moja tu. Jambo kubwa zaidi ni mwili wa mnyama huyo unaifanya nini dawa hiyo baada ya kuipokea.

Ini la mbwa huivunja permetrini na kuitoa. Ini la paka lina upungufu wa kimeng'enya kinachofunga dawa za namna hii na asidi ya glukuroniki ili zitoke kwa mkojo. Dawa inabaki mwilini, inashikilia milango ya sodiamu kwenye neva isifungike, na neva zinaendelea kupiga bila kupumzika. Hicho ndicho unachokiona kwenye masikio yake. Matone ya mbwa huwa na permetrini ya asilimia 45 hadi 65. Tuseme yako ni ya asilimia 50: nusu mililita ina miligramu 250, na kwa paka wa kilo 3 hiyo ni zaidi ya miligramu 80 kwa kila kilo. Umempa kidogo kuliko mbwa kwa macho. Kwa mwili wake, umempa sumu nyingi.

Hesabu hiyohiyo ifanye kwa parasetamoli, kwa sababu anayepaka dawa ya mbwa leo ndiye atakayetoa kidonge cha homa kesho. Mtu wa kilo 70 akimeza miligramu 1,000 anapata takriban miligramu 14 kwa kilo. Ukimpunguzia paka wa kilo 3 kwa uwiano huo, utampa miligramu 43 hivi, chini ya robo ya nusu ya kidonge cha 500. Inaonekana tahadhari kubwa. Lakini paka wamewahi kupata sumu kwa miligramu 10 tu kwa kilo. Damu yake hugeuka ya kahawia na kushindwa kubeba oksijeni, fizi zinakuwa za kahawia au buluu, uso na nyayo huvimba, anahema. Umepiga hesabu bila kukosea tarakimu hata moja, na paka amekufa. Hakuna kipimo salama cha parasetamoli kwa paka, na ibuprofeni na diklofenaki zikae mbali na paka na mbwa wote wawili. Kwa mbwa hutoboa vidonda tumboni na kuharibu figo.

Ivermektini. Chupa ya ng'ombe ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita, na kipimo cha ng'ombe ni mililita 1 kwa kilo 50, yaani mikrogramu 200 kwa kilo. Mbwa wako wa kilo 12 kwa uwiano huo angepata mililita 0.24. Tatizo la kwanza ni la mkono: bomba la sindano la mililita 5 haliwezi kupima 0.24, na wanaodunga mitaani huvuta "kama moja hivi". Mililita moja kwa mbwa wako ni zaidi ya mikrogramu 800 kwa kilo. Tatizo la pili halitibiki hata kwa bomba dogo. Kuna mbwa waliozaliwa na kasoro kwenye jeni iitwayo MDR1, ambayo kazi yake ni kutengeneza protini inayoisukuma dawa hii itoke kwenye ubongo. Kwao hata kile kipimo cha "haki" cha mikrogramu 200 kinatosha kuwalewesha: mboni zinapanuka, mbwa haoni, anayumba, anadondosha mate, kisha anazama kwenye usingizi usioamshika ambao unaweza kudumu siku kadhaa. Dawa ya kuipinga haipo. Daktari anabaki kumpumulia na kumlisha hadi mwili uisafishe wenyewe. Kasoro hii imeenea kwa Collie, Australian Shepherd na jamaa zao, na kwa kuwa mbwa chotara wana mababu wasiojulikana, huwezi kuitambua kwa kumtazama. Vidonge halali vya mbwa vya kuzuia minyoo ya moyo hutumia mikrogramu 6 kwa kilo. Sita, si mia mbili. Na hata hivyo daktari hupima damu kwanza, kwa kuwa mbwa mwenye minyoo hiyo tayari anaweza kuzimia vijidudu vinapokufa vyote kwa mkupuo.

Daktari wakati mwingine hutumia vipimo vikubwa zaidi kutibu ukurutu mbaya. Hufanya hivyo kwa kuanza chini, kupandisha polepole na kumwona mbwa kila mara. Aliyesikia habari hiyo nusunusu ndiye anayezunguka na chupa na sindano moja, akimdunga mbwa huyu na yule kwa sindano ileile, akiita "sindano ya kila kitu". Mtu huyo hajui uzito wa mbwa wako, hajamgusa fizi, na mbwa akianguka saa sita usiku hapatikani.

Sasa dawa ya kuogeshea ng'ombe. Nyingi ni amitrazi ya asilimia 12.5, na lebo huagiza mililita 2 kwa lita moja ya maji. Ukitumia nusu unapata ubaya wa pande zote mbili. Kupe wenye nguvu wanabaki hai, wanazaa wenzao wasiosikia dawa. Na mbwa bado anaweza kuumia, kwa sababu anajilamba na vimumunyisho vilivyomo havikutengenezwa kwa ngozi yake. Halafu watu hawapimi, wanakadiria kwa kifuniko. Kifuniko cha mililita 20 kwenye ndoo ya lita 5 si nusu ya kipimo, ni mara mbili ya kipimo kizima. Mbwa aliyezidiwa na amitrazi hasumbui: anatulia, analala, mapigo ya moyo yanapungua, mwili unapoa, sukari kwenye damu inapanda. Mwenye mbwa anafurahi kwamba kuwashwa kumeisha. Ukiona mbwa haamki vizuri baada ya kuogeshwa, mwoshe na umpeleke. Hii ina dawa ya kuipinga na hufanya kazi haraka. Watoto wa mbwa chini ya miezi minne na mbwa wenye kisukari wasiguswe na amitrazi kabisa, na paka ndiyo asikaribie.

Oili chafu ya gari na mafuta ya taa sina subira nayo hata kidogo. Huunguza ngozi, hunyonywa hadi kwenye ini, na mbwa akijilamba akatapika, mvuke wake huchoma mapafu. Ukurutu "unaopona" kwa oili ni ngozi iliyoungua ikanyonyoka pamoja na magamba yake.

Kwa mbwa wako, hatua ni hizi. Subiri, usimwongezee dawa nyingine juu ya matone ya jana. Kupe unaowaona waondoe kwa kibano: shika karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kumminya tumbo, mtumbukize kwenye spiriti. Usimchome kwa moto wala kumpaka chochote akiwa amenasa, kwani akisumbuliwa anaweza kutapikia mate yake ndani ya jeraha, na magonjwa yamo humo. Mtazame fizi kila siku. Zikipauka, akiwa na homa, au mkojo ukawa mwekundu kama chai ya rangi, hilo tena si suala la kupe bali la babesia au ugonjwa mwingine wa damu, na linahitaji kipimo cha damu siku hiyohiyo.

Utakapompeleka paka, nenda na mbwa pia, apimwe uzito kwenye mizani badala ya kukadiriwa. Mwambie daktari una wanyama wawili wanaolala pamoja. Sentensi hiyo moja hubadilisha dawa atakayochagua. Kwa mbwa anaweza kukuandikia kidonge cha kupe na viroboto cha kundi la isoksazolini, ambacho hakipakwi, kwa hiyo paka halambi chochote. Vingine hufanya kazi mwezi mmoja, vingine wiki 12. Kama mbwa amewahi kuwa na kifafa, lisemwe kabla, maana kundi hilo linaweza kuchochea degedege. Kwa paka kuna matone ya selamektini au fipronili yaliyotengenezwa kwa paka, kwa uzito wa paka, ila ayapate baada ya daktari kuridhika kwamba sumu imeisha. Fipronili hiyohiyo, ambayo paka na mbwa huivumilia, huua sungura. Kama una sungura nyumbani, mwambie daktari.

Viroboto vitarudi wiki ijayo, na hapo wengi husema dawa ya daktari ni feki na kurudi kwa muuzaji. Si feki. Viroboto wazima unaowaona kwenye manyoya ni kama 5 katika kila 100 waliomo nyumbani. Waliobaki ni mayai, funza na pupa kwenye matandiko, nyufa za sakafu na mikeka, na pupa anaweza kungoja miezi ndani ya kifuko chake ambacho dawa haipenyi. Fua matandiko yao kwa maji ya nyuzi 60 kila wiki, fagia pembeni na chini ya viti, taka uzitoe nje papo hapo, na endelea kuwapa wanyama wote dawa yao bila kuruka kwa miezi mitatu mfululizo. Ukianza na mmoja ukamwacha mwingine, unawahamisha tu.