Simu ikilia king'ora: maswali yenu kuhusu tahadhari za dharura

Salaam. Dada yangu anaishi Birmingham. Septemba 7, 2025 simu yake ililia kama king'ora ilhali alikuwa ameizima sauti. Serikali ya huko ilitoa wapi namba yake? – Msomaji, Tudor

Haikuwa nayo, wala haikuihitaji. Lilikuwa jaribio la Uingereza nzima, saa tisa alasiri kwa saa za kwao, kumi na moja jioni kwetu. SMS hutumwa kwa namba. Ujumbe huu hurushwa na mnara, yaani busta, kama stesheni ya redio inavyorusha matangazo, na kila simu iliyoshika mtandao wa mnara ule huupokea. Mtumaji haletewi orodha ya waliopokea. Ndiyo maana hata laini ya Kenya iliyo kwenye roming huko inaweza kulia. Tena SMS hupanga foleni: zikitumwa laki moja wakati kila mtu anampigia mwenzake kwa hofu, nyingine hufika maji yameshaingia ndani. Tangazo la mnara halina foleni.

Mbona nyumba moja, simu moja ikalia na nyingine ikabaki kimya? – Msomaji, Bamburi

Hutokea sana. Katika jaribio la Uingereza la Aprili 23, 2023, wateja wengi wa kampuni moja ya simu hawakupata chochote. Mbali na hitilafu ya mtandao, angalia haya: simu iko kwenye hali ya ndege, inatumia Wi-Fi tu bila laini, programu yake ni ya zamani, au mtu aliwahi kuzima tahadhari kwenye mipangilio. Uingereza hurusha kwa 4G na 5G pekee, kwa hivyo kabambe, ile simu ndogo ya 2G, haitasikia kitu. Kuzima data au kuishiwa bando hakuzuii.

Nikitaka kuzima tahadhari hizi nazimia wapi? Zinashtua mno. – Mama wa watoto wawili, Mikindani

Kwenye Android nyingi, fungua mipangilio, uandike "dharura" kwenye kisanduku cha kutafuta kama simu yako iko kwa Kiswahili. Utaona vitufe kwa ngazi: tishio kubwa kabisa, tishio kubwa, majaribio. Kwenye iPhone huwa chini kabisa ya sehemu ya arifa, lakini haionekani kila nchi.

Ushauri wetu, mama, zima majaribio tu na uache ngazi za juu. Hata hivyo hatuwalaumu wanaozima zote. Mtu akiletewa mara tatu ujumbe usemao "chukueni tahadhari" bila kuambiwa wapi wala hadi lini, ya nne hasomi. Ujumbe wa maana ungesema: "Maji yanapanda Kisauni hadi saa 2 usiku. Usivuke mtaro. Nenda sehemu ya juu." Mstari mmoja, na mtu ajua la kufanya.

Wapo ambao kuzima ni lazima: aliyeficha simu ya pili kwa sababu ya mume anayempiga. King'ora hupita hata sauti ikiwa imefungwa. Dada huyo azime vitufe vyote mapema. Asitegemee kuizima simu yenyewe kwa dakika chache, maana mnara hurudia ujumbe kwa muda uliopangwa, na akiiwasha kabla haujaisha italia.

Je, wakikosea? – Mwanafunzi, Nyali

Walishakosea. Hawaii, Januari 13, 2018, saa 2:07 asubuhi, simu zililia kwamba kombora linakuja na kwamba si zoezi. Watu walikimbia, wengine wakawaaga jamaa zao. Aliyetuma alidhani zoezi la kazini ni kweli. Kosa hilo laeleweka. Lisiloeleweka ni kwamba ujumbe wa kukanusha ulifika simuni baada ya dakika 38, kwa kuwa ofisi haikuwa na maneno ya kukanusha yaliyoandaliwa tayari. Ofisi yoyote inayotaka mfumo huu ianze na ujumbe huo wa pili.

Kwenye grupu la mtaa tumeletewa mawili: tuzime simu usiku kwa sababu ya miale kutoka angani, na mvua kubwa inakuja Pwani. Tushike lipi? – Msomaji, Likoni

La miale ni uzushi wa miaka mingi. Haufi kwa sababu hauna tarehe, umeandikwa "leo usiku" tu. La mvua laweza kuwa kweli, ila msiamini picha iliyokatwa. Tafuteni taarifa kamili ya Idara ya Hali ya Hewa, mtazame tarehe ya kutolewa, siku inapokwisha na kaunti zilizotajwa. Mara nyingi kinachozungushwa ni cha mwaka jana. Kikiwa na kiungo cha kubonyeza au kinataka PIN ya M-Pesa, futeni.

Halafu someni kiwango. Taarifa hizo mara nyingi hutaja mvua ya zaidi ya milimita 30 kwa saa 24. Yasikika kidogo, lakini milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Bati la mita 10 kwa 6 litamwaga lita 1,800, yaani mitungi 90 ya lita 20, kutoka paa moja. Zidisha kwa mapaa yote yanayoelekeza maji kwenye mtaro wenu, kisha mwende mkautazame kama umezibuliwa.

Ikinililia nikiwa naendesha matatu, au tuko kwenye feri? – Dereva

Usiishike. King'ora hukoma chenyewe baada ya sekunde kama kumi na maandishi hubaki. Egesha kwanza ndipo usome. Kwenye feri, kaeni mlipo na msikilize wahudumu. Zikilia simu mia tano kwa pamoja, hatari ya kwanza ni msukumano wa kuelekea mlangoni.