Maswali yenu: Nimewapima watoto, hizi alama nizifanyie nini?

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi nafundisha darasa la tatu, muhula umeanza tukaambiwa tuwape watoto testi ya kupima kiwango cha kusoma na hesabu, nimewapa, nimesahihisha, wengine wana 4 wengine 18 kwenye 20, mwalimu mkuu kachukua nakala kaiweka kwenye faili basi. Kesho naingia darasani nafundisha somo lilelile kwa wote. Sasa tulipima ili iweje?

JIBU: Mwalimu wangu, jumla achana nayo, rudi kwenye karatasi zenyewe. Jumla inakuonyesha nani kakwama, alipokwamia hauoni. Chukua swali moja tu, 52 kutoa 27. Mmoja kaandika 35, mwingine 26, wa tatu 79, na wote umewapiga mkasi. Wa 35 katoa 2 kwenye 7 kwa sababu anaona kidogo ndo kinatolewa kwenye kikubwa, yaani makumi na mamoja bado hayajamuingia, huyo mpe vijiti afunge mafungu ya kumi na ayafungue mwenyewe. Wa 26 njia anaijua, kateleza kwenye kuhesabu, anahitaji mazoezi tu. Wa 79 kajumlisha, hakuangalia alama! Ukiwafundisha kutoa upya wote watatu umepoteza muda wa wawili.

Na maswali ya maneno angalia sana, kuna mtoto hesabu anaiweza ila swali hajaweza kulisoma, msomee uone.

Kusoma ndo usipime kwa karatasi kabisa, muite mmoja mmoja, dakika chache zinatosha: herufi, silabi, maneno, aya fupi, halafu kahadithi na maswali mawili, akikwama unaishia hapo. Kule India tathmini ya ASER, ile ya kupima watoto kusoma na hesabu, inapima kwa mtindo unaokaribiana na huo tangu 2005, haina makuu. Ila Kiswahili kina mtego wake, kinasomeka kama kinavyoandikwa kwa hiyo mtoto anaweza kuteremka ukurasa mzima vizuri tu na asiambulie kitu, hasa kama nyumbani wanaongea lugha nyingine, ndo maana usiache kumuuliza kilichotokea kwenye hadithi. Na usitumie hadithi ya kitabuni, wanazikariri hao.

Ukishajua, wagawe kwa walipofika, kusoma makundi yake na hesabu makundi yake maana aliye chini huku anaweza kuwa juu kule. Tenga kipindi kifupi kila siku kwa makundi, somo la darasa zima liendelee kama kawaida. Baada ya wiki kadhaa pima tena uwahamishe. Darasa likiwa kubwa sana anza na walio chini kabisa, wale wa 18 wape cha kusoma wenyewe.

SWALI: Binti yangu kawekwa kundi la herufi na yuko darasa la tatu, naona aibu, nimuhamishe shule?

JIBU: Mama, bado mapema. Nenda kamuulize mwalimu mambo mawili, ni herufi au silabi zipi hasa zinamshinda na atapimwa tena lini. Akikujibu yote, muache mtoto hapo na wewe nyumbani mshikilie kwenye hizohizo. Akibaki kukwambia tu "ni mzito", hapo ndo ukamuone mwalimu mkuu.