Barua kwa mwanangu: Oliver Optic na vitabu vyake zaidi ya mia

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza mtu mmoja aliwezaje kuandika vitabu zaidi ya 100 vya watoto, na kama wingi huo haukuiharibu kazi yenyewe. Nitakujibu kwa habari za William Taylor Adams, ambaye watoto wa Marekani walimjua kwa jina la Oliver Optic.

Alizaliwa Medway, Massachusetts, tarehe 30 Julai 1822, akafariki Boston mwaka 1897. Kazi yake ilikuwa ualimu, miaka ipatayo 20 katika shule za umma za Boston na Dorchester, hadi akawa mwalimu mkuu. Hapo usipite haraka. Mtu anayekaa darasani na wavulana kila siku anajua wanapoanza kusinzia.

Riwaya yake ya kwanza, ya 1853, ilikuwa ya watu wazima na ilitoka kwa jina jingine la bandia. Kilichomfungulia njia ni The Boat Club, katikati ya miaka ya 1850. Humo mvulana Frank Sedley anapewa na baba yake mashua ya makasia iitwayo Zephyr, katika ziwa Wood, karibu na kijiji cha Rippleton. Wavulana wanaunda klabu yenye kanuni zake, na upande wa pili kuna genge la Tim Bunker. Mashua moja, ziwa moja, makundi mawili. Kilipopendwa hakukiacha kiishie hapo, alikiendeleza kwa All Aboard, na vyote viwili vikaingia katika seti ya vitabu sita.

Siri ya kasi yake naiona hapo kwenye mwendelezo. Ziwa limeshachorwa, tabia za watu zinajulikana, kilichobaki ni kutafuta mgogoro mpya. Ila seti ina hatari yake: mtoto akianzia kitabu cha pili anapotea, na akielezwa mno, aliyesoma cha kwanza anachoka. Tazama alivyofanya katika All Aboard, kitabu cha pili. Sura ya kwanza inasimulia kwa ufupi mambo makuu ya msimu uliopita, kisha hadithi inashika njia yake, na kwenye dibaji anamhakikishia msomaji mgeni kwamba hatapungukiwa na kitu.

Aliacha kufundisha mwaka 1865. Mwaka 1867 wachapishaji Lee & Shepard wa Boston walianzisha jarida la watoto la kila wiki, yeye akiwa mhariri. Hadithi ilitoka humo kipande kwa kipande, halafu ikajalidiwa kuwa kitabu. Ndiyo maana sura zake hukatika pale mtoto anapotaka kujua zaidi, maana alipaswa kusubiri toleo lijalo.

Mpango wake bora, kwa maoni yangu, ni mfululizo wa vitabu uitwao Young America Abroad. Aliwapandisha wavulana kwenye meli iliyo shule, wakasoma na kujifunza ubaharia huku wakizunguka Ulaya. Kitabu kimoja Ireland na Scotland, kingine Uholanzi na Ubelgiji. Seti mbili za vitabu sita zilitoka kwenye wazo hilo moja.

Je, kazi iliharibika? Louisa May Alcott, mwandishi wa Little Women, aliona hivyo. Katika kitabu chake Eight Cousins, mwaka 1875, alilalamikia vitabu vya wavulana vilivyojaa lugha ya mitaani na mafanikio ya ghafla, na jina la Optic alilidokeza kwa mchezo wa maneno. Adams alimjibu kwa ukali katika jarida lake. Mimi naona Alcott alikuwa na haki kuhusu mafanikio ya haraka, kwa sababu anayeandika mbio hushika suluhisho lililo karibu: tajiri anatokea, mwizi anatubu. Kuhusu lugha simuungi mkono, wavulana wa makasia hawaongei kama wahubiri.

The Boat Club na All Aboard vyote viwili vinapatikana bure mtandaoni kwenye Project Gutenberg. Anza na cha pili kabla ya cha kwanza, uone kama ile sura ya kwanza inakutosha, kisha uniandikie ulipokwama.

Mama yako