Masta, vidude na milima: shida sio muda, shida ni kurudi

Watu wananiulizaga sana, we unasoma masta ya kompyuta, unatengeneza vidude vya elektroniki, wikendi uko mlimani umening'inia kwenye kamba, muda unautoa wapi? Jibu la kweli ni kwamba siupati, na mwaka wa kwanza wote nilikuwa naviharibu vyote vitatu kwa pamoja tena kwa bidii kabisa.

Nilianza na ratiba kama kila mtu. Asubuhi tasnifu, jioni kulehemu, Jumamosi kupanda miamba. Ilidumu siku tisa. Sio uvivu jamani, ni kwamba kichwa hakina swichi, unakaa kwenye kodi (code, maagizo ya kompyuta) ya majaribio ukiwa na saa moja na nusu tu, na karibu saa nzima inaisha unajiuliza hili faili linaloitwa matokeo_mwisho2 lina tofauti gani na matokeo_mwisho_mpya, na nani aliandika huu ujinga (ni wewe), halafu ukianza kukumbuka tu muda umeisha unaenda kushika lehemu nako unaanza upya.

Ila nilikuja kuelewa siku ya kile kidude cha mlimani, ngoja niwasimulie vizuri.

Nilikuwa nimetengeneza kifaa cha kuonyesha mpandaji yuko wapi. Ndani kuna chipu ndogo inayoitwa ESP32, GPS na redio ya LoRa, ambayo kwa wasioijua inatuma data kidogo kidogo taratibu lakini inafika mbali, kilomita kadhaa kama hakuna kitu kimekaa katikati, bila laini ya simu wala intaneti, na umeme inakula kidogo. Mpango ulikuwa kila dakika kumi kiamke, kijue kiko wapi, kitume, kilale. Ukikilaza sawasawa ile chipu inakula umeme mdogo mno, wa kuhesabu kwa maikroampea, betri ya 1000 mAh inatosha siku mbili za safari na inabaki.

Wiki mbili kabla ya safari nilikuwa natafuta bagi (kosa kwenye kodi), na kifaa kinacholala kila mara kinaudhi ukiwa unatafuta bagi, kwahiyo nikaizima ile sehemu ya kulala na nikawasha waifai ili nisome kinachoendelea kwenye laptopu. Bagi nikaipata, nikafurahi, nikafunga kila kitu nikarudi kwenye tasnifu maana supavaiza alikuwa anasubiri sura ya pili. Hiyo mistari miwili ya kodi nikaisahau kabisa.

Sasa piga hesabu. Kinakula kama miliampea 150 mfululizo, betri ni 1000, hata saa saba hazifiki, na hapo ni ndani kwenye joto, kule juu kuna baridi na betri za lithiamu kwenye baridi zinanyong'onyea. Tulianza kupanda alfajiri. Kabla ya saa sita mchana rafiki yangu aliyebaki kambini haoni tena kidoti chetu kwenye skrini, na sisi kule juu hatuna habari kwamba tumepotea, tunapiga picha na kucheka. Tuliporudi jioni nilikuta ameshavaa viatu na tochi kichwani anataka kuondoka kututafuta. Hakunigombeza. Alinipa kile kifaa chenye skrini mkononi akaniambia, ndugu yangu, chukua kitu chako, halafu akakaa kimya mpaka tunalala, bora angenigombeza tu.

(Na hapa niseme tu, kidude cha kujitengenezea usikitegemee kwa uhai wako. Vipo vifaa vya dharura vinavyoita setilaiti kwa masafa ya 406 MHz, hivyo ndio vya kazi hiyo, cha kwangu ni cha kujifunzia.)

Mwezi ule ule kwenye tasnifu jedwali langu la matokeo likagoma kurudia. Namba zimeshuka pointi tatu na sijui kwanini. Siku kumi na moja natafuta. Kumbe niliondoa kwa muda kichujio cha kelele ili nione kinasaidia kiasi gani, halafu nikaenda kupanda, nikarudi, sikukirudisha. Ugonjwa ule ule! Sio kwamba mlima uliiba muda wa shule, mimi ndio nilikuwa naondoka bila kuacha alama.

Kwahiyo kitu kimoja nilichobadilisha ni hiki, sifungi laptopu bila noti ya kurudia. Mistari mitatu tu, nilikuwa nafanya nini, nimeharibu nini makusudi, nikirudi naanza na nini. Ya juzi ilisema "napima usahihi kwa sauti fupi. NIMEZIMA kichujio, mstari wa 88. Anza: kiwashe, rudia jaribio la tano." Halafu nakomiti kwenye Git (programu inayotunza kila toleo la kodi) hata kama kodi ni mbovu, na kwenye kidude nabandika kikaratasi chenyewe, kwa selotepu, maana kidude hakina Git. Inachukua dakika tano na kurudi sasa hivi ni kama dakika kumi badala ya saa nzima.

Cha ajabu kwenye kupanda nilikuwa nafanya hivi siku zote. Kabla hujaacha ardhi mwenzako anakagua fundo lako lenye umbo la nane na wewe unakagua mkanda wake na kifaa chake cha kushikia kamba, kila mara, hata kama mmepanda pamoja miaka. Hakuna anayesema nakumbuka nilifunga.

Kuna watu watakwambia acha vidude mpaka umalize shule. Sikubali sana. Linus Torvalds alianza Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na tasnifu yake ya masta ya 1997 ilihusu hiyo hiyo Linux, na kwa kuwa ni mzamiaji, mwaka 2011 akaanzisha Subsurface, programu ya kuweka kumbukumbu za kuzamia. Lakini hesabu miaka hapo, 1991 mpaka 1997, sio mfano wa kumaliza haraka. Na Donald Knuth, profesa wa kompyuta, alidhani TeX, programu yake ya kupanga maandishi ya vitabu, ingemchukua muda mfupi tu, alianza mwishoni mwa miaka ya 70 na ikaja kutulia mwishoni mwa miaka ya 80. Kwahiyo kidude kiandikie mwisho wake kabla hujakianza, "kikituma kilomita mbili nimemaliza", kikishafika hapo kaa mbali nacho, ya kwako hiyo haitakuwa TeX.

Supavaiza naye mwambie mapema. Mimi nilificha mwaka mzima, nikaja kuumia kidole kwenye mwamba nikawa nachapa kwa vidole tisa ikabidi niseme, na alichouliza ni jambo moja tu, sura ya tatu lini. Siku hizi majaribio marefu nayaanzisha Ijumaa usiku kwenye seva, GPU (chipu ya mahesabu mazito) inahangaika yenyewe mimi nikiwa mlimani.

Jumamosi tunapanda tena, na yule yule rafiki wa kambini. Kifaa nimekipima kwa mita ya kupimia umeme jana, kinalala kweli. Alikuja kuangalia mwenyewe, akasoma kikaratasi, akasoma mita, akasema kiwashe tena nione.