Ukurutu wa mtoto si damu chafu

Dadangu wa Langoni, pole sana. Umesema mwanao wa miezi mitano amejaa ukurutu mashavuni na kwenye mikunjo, na majirani wa hapo Lamu wanadai ni damu chafu, asionjeshwe karanga mpaka awe mkubwa.

Damu yake haina uchafu. Shida ni ngozi. Seli za juu hushikana kama mawe ya ukuta, na mafuta ndiyo chokaa yake. Zikiachana, unyevu hutoka, huku vumbi na chembe za chakula zikipenya. Kinga ya mwili ikikutana na karanga kwanza kupitia ngozi iliyopasuka, huweza kuiona adui. Ikikutana nayo tumboni mapema, mara nyingi huizoea. Utafiti wa Uingereza wa 2015 ulionyesha hivyo: kati ya watoto waliokuwa hatarini, waliolishwa karanga mapema walipata mzio wake kwa uchache mno kuliko walionyimwa. Wengine huzaliwa na upungufu wa filagrini, protini inayoimarisha ngozi. Si kosa lako hata kidogo.

Nakusihi, usimwogeshe kwa sabuni ya unga. Maji vuguvugu, muda mfupi, kisha mpake mafuta mazito ya mgando yasiyo na manukato angali na unyevu. Udi usifukizwe anamolala, kwani moshi huumiza utando wa njia ya hewa vilevile.

Karanga muulize daktari kwanza, maana ukurutu wake ni mkali. Akikubali, iwe imesagwa laini, kamwe si nzima. Akivimba midomo au kuhema kwa shida baada ya kula, mkimbize hospitali.