Handasi Yako Unaizima kwa Kitu Gani?

Mzazi akishuku kijana wake ameharibika na miraa, la kwanza huuliza anatafuna kiasi gani. Mimi ni mtu wa maskani, yaani kijiwe cha kutafunia, hapa Mombasa tangu ujana, na hadi leo natafuna Jumamosi baada ya alasiri. Kiasi hakikwambii mengi. Wapo wazee wanaotafuna harusini mpaka usiku mkubwa, kisha hawaigusi hadi harusi nyingine. Wapo na vijana wa muguka, aina ya miraa ya bei ndogo, ambao hawafungui kibanda asubuhi kabla ya kujaza shavu.

Mei 2024, kaunti za Mombasa na Kilifi zilipotangaza marufuku ya muguka, mabishano yote yakawa ya sheria na biashara. Mtumiaji mwenyewe akasahaulika.

Mimi humtazama mtu handasi, yaani ule mchangamko wa miraa, inapotaka kushuka. Miraa ina kathinoni, inayochangamsha mwili: moyo unaenda mbio, njaa inakatika, usingizi unapaa. Anayejiheshimu hujipanga mapema. Hula akashiba kabla ya kukaa, huwa na maji karibu, huacha kutafuna mapema, na kesho yake alfajiri hashiki usukani. Usingizi ukichelewa, anaungoja.

Mwenzake hangoji. Anaizima kwa bia, na bia isipotosha anameza vidonge vya usingizi alivyouziwa bila cheti cha daktari. Asubuhi kichwa kizito, hawezi kuamka, basi anaanza na majani. Hapo hatafuni tena kwa raha ya mazungumzo. Anatafuna ili aweze kusimama. Namfahamu dereva mmoja wa matatu aliyefika huko. Mkewe alijua kwa sahani: kila asubuhi alikuta chakula cha usiku kimefunikwa vilevile alivyokiacha. Pesa bado zilikuwa zinaingia nyumbani, kwa hiyo majirani hawakuona kitu.

Pombe na vidonge hivyo pamoja vinaweza kumzimisha mtu pumzi usingizini. Hilo linanitisha kuliko majani yenyewe.

Ukitaka kujipima, ruka Jumamosi mbili, na usiweke kitu kingine mahali pake. Ukijikuta unatafuta sababu ya kuivunja ahadi, au unaficha risiti za M-Pesa, zungumza na mtu unayemwamini wiki hiyohiyo. Ikiwa ni ndugu yako, usimfuate maskani mbele ya wenzake. Msubiri siku aliyolala vizuri, mkiwa wawili.

Kuacha miraa huleta uchovu, ndoto mbaya na huzuni kwa siku kadhaa. Pombe ya kila siku au vidonge vya usingizi ni jambo jingine: kuvikata ghafla kunaweza kuleta kifafa. Nenda hospitali kwanza, umwambie daktari vyote unavyotumia, na vidonge uende navyo mkononi avione.