Tonado: mnayouliza kuhusu hatari na onyo lake

Tonado ina tofauti gani na kimbunga cha baharini?
Kimbunga huweza kuwa na upana wa mamia ya kilomita na kudumu siku kadhaa. Tonado ni nguzo ya upepo unaozunguka, inayoshuka kutoka wingu la radi hadi ardhini, na nyingi hazifikishi hata dakika 10. Ile ya El Reno, Oklahoma, ya Mei 31, 2013, ilikuwa na upana wa kilomita 4.2, lakini hiyo ni nadra mno.

Redio husema "tahadhari", mara "onyo". Si yale yale?
Hapana, na kuyachanganya ni hatari. Kwa utaratibu wa Marekani, tahadhari ina maana hali ya hewa inaweza kuzaa tonado: chaji simu, vaa viatu vilivyofunika miguu, weka tochi karibu. Onyo lina maana tonado imeonekana kwa macho, au rada imeonyesha mzunguko wake. Hapo jifiche mara moja. Mara nyingi unabaki na dakika chache tu, pengine hata moja huna. Tafadhali usitoke nje kuhakikisha. Usiku, au ikiwa imefunikwa na mvua, hutaiona.

Nifungue madirisha ili nyumba isipasuke?
Usifungue. Nyumba haipasuliwi na hewa ya ndani. Upepo ukipata pa kuingilia hulisukuma paa kutoka chini, huku ule wa nje ukilivuta juu. Paa likishang'oka, kuta hazina tena cha kuzishikilia. Dakika unazopoteza madirishani ndizo za kujificha, na vioo vikivunjika vitakukuta hapo hapo.

Nijifiche wapi kama hakuna chumba cha chini ya ardhi?
Ghorofa ya chini kabisa, chumba kidogo cha katikati kisicho na dirisha: choo, stoo, au chini ya ngazi. Wengi huuawa na mbao, mabati na vioo vinavyorushwa, kwa hiyo weka kuta nyingi iwezekanavyo kati yako na nje. Piga magoti, inamisha uso, funika kichwa na shingo kwa mikono. Kofia ya pikipiki ni kinga nzuri. Jifunike na godoro pia. Anayeishi kwenye nyumba ya trela aondoke tahadhari ikitolewa, asisubiri onyo.

Nikiwa garini, nijibanze chini ya daraja?
Hapana! Pale upepo hubanwa ukaongeza kasi. Mei 3, 1999, watu watatu walifia chini ya madaraja huko Oklahoma. Kimbilia jengo imara. Likikosekana, lala kifudifudi mahali palipo chini kuliko barabara, mbali na magari, ukifunika kichwa.

Ikishapita?
Usiguse nyaya zilizoanguka. Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe kiberiti wala swichi. Toka kwanza, kisha piga simu ukiwa mbali. Kwenye vifusi tembea na viatu vya soli nene, maana misumari hutapakaa kila mahali.